Kuta Zilizoshikana

Neiafu, Vava'u
14 Februari 2016

Mwanangu Pisila,

Salamu zikufikie huko kwenye mizabibu yenu, wewe na Kepueli. Sisi wazima, kila mmoja kwa kadiri ya umri wake. Kimbunga kimevipitia visiwa vyetu kando. Kimeondoka na mabati ya jiko la kanisa na ule mshelisheli wa kaka yako Malakai uliokuwa ukitupia matunda juu ya paa usiku na mchana. Kanisa tumelisikitikia. Mti hakuna aliyeulilia. Nguruwe jike amezaa, na watoto wa Malakai wameshawapa nguruwe majina, kwa hiyo siku ya kuchinja kutakuwa na matanga.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Simu iko nyumbani kwa Malakai, naye huifungulia sauti nyumba nzima isikie. Mambo ya wanawake hayasemwi mbele ya kaka. Nadhani hata Australia hujasahau hilo, maana mimi ndiye niliyekulea.

Jambo lenyewe ni hili. Fane, mke wa kaka yako, ana mimba ya sita. Atajifungua Agosti. Nimekaa, nimefikiri, nimeamua mtoto huyo ni wako. Miaka kumi na mmoja ya ndoa bila mtoto inatosha. Malakai nimeshamwambia, akainamisha kichwa kama inavyompasa mbele ya shangazi yake.

Anza kuomba ruhusa kazini. Na usinijibu kwa maneno ya Kizungu.

Shangazi yako,
Kalolaine


Mildura
20 Machi 2016

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya maji, lakini imesomeka. Tunamshukuru Mungu kimbunga kimechukua mti, hakikuchukua mtu. Hapa joto limeanza kupungua. Zabibu zimekwisha kuchumwa na mimi nimerudi kwenye banda la kupakia machungwa, nasimama mbele ya mkanda na kuyatoa yaliyooza. Kepueli anakusalimu. Mgongo wake ni uleule. Jumapili iliyopita watu wa kanisa letu walipika magimbi na majani yake kwa tui, ila magimbi ya huku yana ladha ya friji.

Kuhusu ulilosema, nimesikia. Naomba subira kidogo. Tangu ile mimba iliyoharibika nikasafishwa, siku zangu zimekuwa chache mno, tone tu, kama chai iliyomwagikia kitambaa. Sikuwahi kukwambia. Nimempata daktari mwanamke ambaye ameniambia mwezi ujao ataniangalia ndani kwa kamera. Si upasuaji. Ni kulala kitandani mchana kweupe, macho wazi, pale pale chumbani kwake, na kurudi nyumbani siku ileile.

Nina swali moja. Malakai ameinamisha kichwa. Fane je, amesemaje?

Mwanao,
Pisila


Neiafu
17 Aprili 2016

Pisila,

Wote wazima. Mwalimu wa kwaya amegombana na mpiga kinanda, kwa hiyo Pasaka tumeimba bila kinanda na imekuwa afadhali.

Kamera? Tumbo si sinema, mwanangu. Kilichofichwa na Mungu kimefichwa kwa adabu. Hapa wanawake wamezaa na wamekosa kuzaa bila mtu kuchungulia. Na ukishaona, utafanya nini na ulichokiona?

Fane anakula vizuri. Miguu imemvimba kidogo. Nimeanza kusuka mkeka wa mtoto.

Kalolaine


Mildura
8 Mei 2016

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mko salama na kwamba kinanda kimepatana na kwaya. Huku baridi imeingia. Asubuhi tunawasha gari mapema na kuliacha lingurume, tunakunywa chai tukilisikiliza.

Nimeangaliwa. Nakuandikia kama ilivyokuwa, kwa sababu ukiuliza kwenye simu sitaweza kusema.

Waliniambia nile kwanza, ninywe na vidonge vya maumivu kabla ya kutoka nyumbani. Kepueli alibaki nje na kofia yake mkononi. Chumba ni kidogo, kina dirisha linaloangalia maegesho ya magari. Kulikuwa na daktari, na muuguzi mtu mzima anayeitwa Glenys, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama karibu na kichwa changu. Hakuna sindano ya usingizi. Nilivua sketi, nikabaki na soksi. Daktari akanionyesha kamera yenyewe. Ni nyembamba kama mrija wa kalamu. Akasema, "Ukisema basi, naacha. Huhitaji kunieleza sababu."

Walipitisha maji ya chumvi yaliyopashwa moto kidogo, ili mfuko wa uzazi ufunguke uonekane. Maumivu yalikuwa kama ya siku za hedhi za usichana, yanakuja yakikaza, yanaachia. Mara moja nilisema basi. Akaacha kweli. Glenys akaniuliza habari za machungwa, aina gani ni tamu zaidi. Nikamjibu. Kisha nikasema endelea.

Kando ya kitanda kulikuwa na runinga ndogo. Niligeuza shingo nikatazama. Mwanzoni kulikuwa na njia yenye rangi ya waridi, maji yakipita, uzuri wake sikuutegemea. Kisha njia ikaisha. Mbele kulikuwa na vitu vyeupe, vingine vyembamba kama utando wa buibui, vingine vinene kama kano kwenye nyama.

"Unaona?" daktari akauliza.

"Naona."

"Hapa palitakiwa kuwe na nafasi. Kuta zimeshikana."

"Tangu lini?"

"Yawezekana tangu uliposafishwa. Kidonda kilipona, lakini kilipona kwa kuunganisha ukuta huu na huu. Hukukosea kitu. Na aliyekusafisha, hutokea hata kwa mkono mzuri."

Nikamuuliza kama zinaweza kubanduliwa. Alizigusa zile nyembamba kwa mkasi mdogo sana unaopita mle mle kwenye mrija, zikaachia, sikusikia hata kidogo. Zile nene hakuzigusa. Alitoa kamera kwanza, akanifunika, akavuta kiti akakaa, ndipo akasema angeweza kujaribu hospitalini nikiwa nimelazwa usingizi, mara moja au hata mara tatu, lakini akiniahidi mtoto atakuwa ananidanganya.

Nikamshukuru. Nikamwambia Glenys soksi moja imenitoka, naomba aitafute.

Kepueli alikuwa amenunua mikate ya nyama. Tulikula garini. Akauliza wamesemaje. Nikamwambia kuta zimeshikana. Akasema, "Mm," akawasha gari. Tulipofika nyumbani akaliosha gari, na lilikuwa safi. Mimi nikakunja nguo. Tangu siku hiyo watu wananiuliza hali nami nasema nzuri, na si uongo. Sisikii kitu. Ni kama mkono uliolaliwa, unaugusa unaona ni wa mtu mwingine.

Kwa hiyo, Shangazi, kuhusu mtoto wa Fane, hapana. Sitaki kupewa mtoto kama sahani ya msibani, kila mtu akinitazama nimalize. Na nakuuliza tena, Fane amekubali?

Pisila


Neiafu
12 Juni 2016

Pisila,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara moja nikaiweka.

Hatujambo. Jumapili ya watoto ilikuwa nzuri. Watoto wote watano wa Malakai walisimama mbele wakasema aya zao, ila yule wa tatu aliruka Mathayo yote akaingia Luka. Kanisa zima lilikuwa jeupe. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango kwa sketi nyeusi, na mke wa mchungaji akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nguo zangu nyeupe zimeota ukungu sandukuni. Wanawake wa Mungu wana maswali mengi.

Mkeka wa mtoto umesimama. Sikai tena kwenye nyumba ya kusukia. Kukaa chini kunanichosha. Binti mkubwa wa Fane ananifulia.

Uliloniuliza nimelisikia. Na ulilolikataa nimelisikia pia.

Kalolaine


Mildura
3 Julai 2016

Shikamoo Shangazi,

Salamu zangu kwenu wote. Leo sitaandika habari za machungwa.

Barua hii haisomwi na kaka. Ni mimi na wewe. Shangazi, unatoka damu?

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Tangu nipate akili sijakuona Jumapili ya watoto bila nguo nyeupe. Ulikuwa unazianika na ndimu tangu Aprili. Ulikuwa ukinipiga kofi nikizikaribia na embe. Na wewe huwezi kuruhusu mtoto akufulie nguo zako, isipokuwa huna nguvu za kuzifua. Na mkeka hukuuacha hata ulipovunjika kidole.

Nilimpigia Glenys, yule muuguzi. Sikutaja jina lako. Nikamwambia kuna mama ana miaka sitini na nne, siku zake zilikatika zamani, na nadhani zimerudi. Hakuniachia nimalize. Akasema mwanamke aliyekatika siku hatakiwi kutoka damu tena hata tone, na akitoka, mtu aangalie ndani. Mara nyingi ni kinyama kidogo tu kisicho na madhara, au ni ukavu wa uzee. Lakini mara nyingine si hivyo, na anayengoja ndiye anayeumia. Akasema kamera ni ileile iliyonitazama mimi.

Dada mmoja wa kanisani kwetu ana ndugu yake muuguzi hospitali ya hapo Neiafu. Anasema mwisho wa mwezi huu wanakuja madaktari wa kutoka nje, watakaa wiki mbili, na kamera hiyo wanayo. Nimeomba jina lako liandikwe. Limeshaandikwa.

Utakula kwanza. Utakunywa vidonge kabla. Utavaa blauzi ndefu ili usijione uchi. Ukiumia, sema basi, wataacha. Mimi niliacha nusu ya aibu yangu mlangoni, na ile nusu nyingine hakuna aliyeitazama.

Maisha yangu yote umeniamuru wewe, nami sijawahi kukupinga ila Mei mwaka huu. Leo nakuamuru mimi. Nenda.

Mwanao,
Pisila


Neiafu
28 Agosti 2016

Mwanangu Pisila,

Usiniulize kwa nini nimechelewa. Nilikuwa nangoja karatasi za watu.

Kwanza la heri. Fane amejifungua salama, msichana, mzito, ana nywele hadi shingoni. Nyangumi wameingia ghubani pamoja na wageni wao wenye kamera, kwa hiyo mwaka huu kila kitu kinapigwa picha.

Nilikwenda. Ilikuwa damu, ndiyo. Tangu kabla ya Krismasi. Mwanzo nilidhani Mungu ananitania.

Akaja daktari mwanamume, kijana, ana ndevu kama mbuzi. Nikamwambia muuguzi amwambie aende akatazame nyangumi. Muuguzi mwenyewe ni Vika, niliyemfundisha kusoma shule ya Jumapili. Alitamani sakafu immeze, lakini alimwambia kwa adabu, na wakaleta mwanamke. Nikamwambia Vika, "Nilikushika mkono uandike jina lako. Leo ni zamu yako kuushika wangu." Akaushika. Ana mkono wa baridi, ila hakuuachia.

Ni kama ulivyosema. Maji, kukaza, kuachia. Sikusema basi. Si kwa ushujaa, nilisahau neno. Nilikuwa natazama. Daktari alikuwa ananieleza na Vika anatafsiri, na kuna mahali Vika akanyamaza. Kulikuwa na vinundu vya kijivu vimesongamana upande mmoja, kama uyoga kwenye gogo, na kamera ilipokaribia vikavuja damu, maji yakawa mekundu. Nikamwambia Vika, "Tafsiri." Akasema, "Anasema atanyofoa kipande wakapime, Shangazi." Sasa wote wananiita shangazi.

Karatasi imerudi. Ni saratani. Wanasema ni changa, na kwamba kizazi kikitolewa upesi huenda ikaishia hapo. Wamenitafutia nafasi hospitalini Auckland, naondoka wiki ijayo. Malakai anajua nakwenda kutibiwa tumbo. Zaidi ya hapo hajui, na asijue.

Niliona na jambo jingine siku ile. Niliona mahali ambapo hapakuwahi kukaa mtu. Miaka sitini na nne nimepabeba na sikuwa nimepaona.

Sasa sikiliza. Uliniandikia kwamba hutaki mtoto wa sahani ya msibani. Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu wewe mwenyewe ulikuja hivyo. Baba yako alikuwa na watoto wanne na mimi sikuwa na mtu wa kukalia sakafu yangu. Mama yako akakuleta umefungwa taulo ya kijani, nyumba imejaa watu, wote wananitazama usoni wakingoja nilie kwa furaha. Sikulia. Nilikuosha, nikakulisha, nikakulaza, kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani aliyesafiri. Nilingoja lile jambo linaloimbwa lije, halikuja. Msimu mzima wa mvua ulipita hivyo. Sikumwambia mtu, maana ningemwambia nani?

Kisha asubuhi moja nikatazama uani, hupo. Nilikuita, na sauti iliyotoka sikuijua. Majirani walitoka. Ulikuwa chini ya meza ya jikoni unakula mkaa, mdomo mweusi, umetulia kabisa. Nilikaa chini palepale nikakushika miguu yote miwili.

Kwa hiyo usinieleze habari za kutosikia kitu. Nakujua kutosikia kitu. Si ugonjwa na si dhambi.

Fane sijamuuliza. Umeuliza mara mbili, nami nimekujibu kwa kimya mara mbili. Sijamuuliza.

Njoo. Si kwa ajili ya mtoto tu. Nyumba yangu haipendi kufungwa.

Kalolaine


Neiafu
25 Septemba 2016

Shikamoo Shangazi,

Naandika kwenye meza yako mwenyewe, na wewe ndiye uliye ng'ambo. Natumaini binamu zetu wa Auckland wanakutunza na hawakupi chakula cha makopo. Tumesikia upasuaji umepita salama. Malakai alipata habari kwa simu, akanijia uani, akasema "tumbo liko vizuri" huku akitazama nguruwe. Nikasema ahsante huku nikitazama nguruwe yuleyule.

Kepueli amebaki mpaka machungwa yaishe. Nilipomwambia huenda nisirudi upesi, aliuliza kama huku kuna mtu anayetengeneza mashine za boti. Nikamwambia aliyekuwepo amezeeka. Akasema, "Mm." Nadhani atakuja.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa Fane. Alikuwa barazani anakunja nepi, mtoto amelala kwenye ule mkeka wako. Nikakaa. Nikavuta nepi nami nikakunja, hadi zikafika nusu.

Akasema, "Umekuja kuchukua, au umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kuuliza."

Akaendelea kukunja. "Basi wewe ni wa kwanza."

Hakulisema kwa ukali. Akaniambia kwamba Februari Malakai alirudi kutoka kwako, akakaa mezani, akamwambia mtoto ana kwao. Fane akaenda kutoa nguo kwenye kamba. Miezi yote ile aliwasikia watu wakimpongeza kwa ajili yangu. Kuna siku alitamani mtoto azaliwe mvulana ili tusimtake, kisha akakumbuka kwamba hata mvulana tungemtaka.

Nikamwambia kwamba mimi nilikataa tangu Mei. Hilo hakuwa analijua. Hukumwambia, Shangazi.

Baadaye akasema, "Nikimtazama huyu, naona nimechoka. Simchukii. Wale watano nilipowatazama niliona watu. Huyu naona kazi. Lakini ukimpeleka Australia, atarudi msichana mkubwa, atanipa mkono kama anavyompa mgeni wa kanisa."

"Simpeleki."

Nililisema kabla ya kulifikiri. Nilijisikiliza kama nilivyomsikiliza yule daktari.

Nikamweleza habari ya kuta. Sijui kwa nini nilimweleza yeye, ambaye nimemjua kwa salamu tu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Iliuma?" Nikasema kidogo. Ni mtu wa kwanza kuniuliza hivyo. Kepueli hakuuliza, na wewe hukuuliza.

Tumekubaliana hivi. Anyonye kwake, alale kwangu. Kutoka mlango wako hadi mlango wake ni uani tu. Akiacha ziwa, tutakaa tena barazani tuzungumze, sisi wawili, na asiwepo mtu wa kuinamisha kichwa.

Mtoto hana jina. Wanasema jina linatoka kwa shangazi na shangazi yuko Auckland. Kwa sasa wanamwita Mgeni. Nimembeba. Ana joto, ana harufu ya maziwa na moshi. Namwosha, nambadilisha, namlaza. Sisikii kitu. Nakwambia wewe kwa sababu umesema unakujua.

Majibu ya kile kilichotolewa yametoka? Katika ile kadi uliyonitumia umeandika mambo mengi juu ya chakula cha hospitali, hilo hukuliandika.

Mwanao,
Pisila


Auckland
16 Oktoba 2016

Mwanangu Pisila,

Baridi ya huku ni ya kijinga, mvua bila sababu. Binamu zako wananipikia viazi vikuu kila siku kana kwamba nimetoka kifungoni. Natembea hadi kwenye sanduku la posta na kurudi. Kidonda kimefunga.

Majibu yametoka. Ilikuwa haijavuka ukuta. Nitakuwa nikipimwa kila baada ya muda, dawa nyingine hakuna. Sikukuandikia kwa sababu walipoisoma ile karatasi nilisema ahsante nikarudi kulala, na nilipoamka nilikuwa sijui niandike nini. Sikufurahi. Sasa nimeanza kufurahi kidogo, hasa asubuhi.

Waliniuliza kama ningependa kukiona kizazi walichokitoa. Nikawaambia nimeshakiona.

Kweli, sikukuuliza kama iliuma. Nilikuwa naogopa jibu. Mwambie Fane nitakaporudi nitakaa kwenye ile baraza yake. Na nikikaa sitaanza mimi kusema.

Sasa jina. Malakai amepiga simu mara mbili, mchungaji mara moja. Wote wanajua nitatoa langu, nami nilikuwa nimekwisha kulitoa moyoni. Lakini nimelala hapa na nimehesabu undugu upya. Mimi ni shangazi wa Malakai. Shangazi wa binti ya Malakai si mimi. Ni wewe. Ni wewe tangu siku aliyotungwa, hata kama kuta zako zingekuwa wazi kama mlango wa kanisa na ungekuwa na watoto tisa. Mtoto hakuwa wangu hata nikupe. Alikuwa wako kwa njia hiyo kabla sijafungua kinywa.

Kwa hiyo jina ni lako kulitoa. Usiniulize lipi. Nimechoka kuamuru, na watu wa huku hawanitii vya kutosha.

Kalolaine


Neiafu
6 Novemba 2016

Shikamoo Shangazi,

Tumefurahi kwamba haikuvuka ukuta. Nililisoma nikiwa nimesimama, nikalisoma tena nimekaa. Kepueli amefika na amekwisha kupata boti ya kwanza, imelala uani imefunguliwa tumbo. Paa la jiko la kanisa limerudishwa. Mpiga kinanda amehamia kwa Wakatoliki.

Mtoto amebatizwa leo. Mchungaji aliuliza jina huku ameshaanza kuandika K. Nikasema, "Fane."

Alidhani namwita mama wa mtoto aje mbele. Nikarudia. Malakai alinitazama, na kaka hanitazami hivyo, kisha akainamisha kichwa. Safari hii sikujua kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya mkewe.

Tulipotoka nje Fane akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mtoto huyu atalala nyumba hii na kula nyumba ile, na siku moja watu wataanza kumweleza yeye ni wa nani. Nataka kila atakayemwita kwa jina hilo awe amekwisha kulijibu swali lao. Fane alikwenda kuanua nguo, na alikaa kwenye kamba muda mrefu kuliko nguo zilizokuwepo.

Siku za hapa zinafanana. Naosha, nalaza, napeleka kunyonya, narudisha. Usitegemee nikuandikie kwamba jambo limetokea, maana halijatokea. Ila nilikuwa mtu wa usingizi mzito, Kepueli alikuwa akisema hata gari likigonga ukuta siamki. Sasa mtoto akigeuka upande tu, nimeshaamka.

Mwanao,
Pisila